Ngoma Yamwelekea Nani?

Kila mwaka, msimu wa mashindano ya muziki ya shule unapokaribia, husikika katika vilima vya Mbooni hukumu moja ambayo yafaa ichunguzwe kabla ya kukubaliwa. Hukumu hiyo husema kwamba ziko ngoma za Wakamba za namna mbili: za asili na za kuiga. Za asili, wasema, ni zile ambazo wachezaji wake huvaa shanga, njuga na sketi za nyuzi za mkonge. Ya kuiga ni mbeni, kwa kuwa wachezaji wake huvaa kaptura na mashati, na kiongozi wao hupuliza filimbi mfano wa askari polisi. Mwanafunzi akiulizwa ni ipi kati ya hizo iliyo yake, hujibu upesi kuwa ni ile ya shanga. Mbeni, husema, ilitoka kwa Wazungu.

Hukumu hiyo imejengwa juu ya mavazi. Humtazama mchezaji kuanzia shingoni hadi magotini, huhesabu kipi kimetoka wapi, kisha hutoa jibu. Nami naona kuwa katika kesi hii mavazi ni shahidi asiyeaminika. Tukitazama jinsi ngoma ilivyopangwa, yaani nani amesimama wapi, nani anamjibu nani, na nani anamtazama nani, tutaona kuwa mbeni ni ya Kikamba kuliko wengi wanavyodhani. Na ile iitwayo ya asili, kama inavyochezwa leo mbele ya waamuzi, imekwisha kuwa ya Kizungu kuliko wengi wanavyotaka kukiri.

Tuanze na mbeni, maana ndiyo inayoshtakiwa. Jina lenyewe latuonyesha njia iliyopita. Katika miaka ya 1890, katika miji ya pwani, hasa Lamu na Mombasa, ilizuka ngoma iliyoitwa beni. Neno hilo limetokana na neno la Kiingereza lililotupatia pia neno bendi. Watu wa pwani walikuwa wameziona bendi za tarumbeta za manowari na za majeshi. Na huko Freretown, kijiji kilichoanzishwa karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, wako waliojifunza kuzipiga tarumbeta hizo wenyewe. Punde si punde vijana wakawa na vyama vya beni vyenye safu kama za gwaride, nguo za kijeshi na vyeo vya kijeshi. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi, na hao wa pili jina lao lilitokana na Waskoti. Upande wa Tanganyika vyama vilivyojulikana zaidi viliitwa Marini na Arinoti. Walikuwako majenerali na magavana wa ngoma, ambao mchana walikuwa makarani, mafundi na wapagazi.

Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vilieneza beni bara. Maelfu ya watu wa Kenya na Tanganyika walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi, na jina la kikosi hicho cha wapagazi bado liko midomoni mwetu kila tunapoitaja Kariakoo ya Dar es Salaam au Kariokor ya Nairobi. Makambini watu wa makabila mengi walikaa pamoja, wakafundishana ngoma. Baadaye Wakamba wakawa wengi mno katika jeshi la King's African Rifles, hata kupita kadiri ya idadi yao katika nchi, hasa katika vita vya 1939 hadi 1945. Askari huyo aliporudi kwao Mbooni, Kitui au Kangundo, alirudi na mshahara wake, na blanketi, na maneno ya Kiswahili, na gwaride miguuni.

Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima juu ya beni na kukichapisha mwaka 1975, hakukubali kwamba ngoma hiyo ilikuwa kuiga tu. Alionyesha kuwa watu wa pwani walikuwa na vyama vya ngoma vya kushindana zamani sana kabla ya kuona tarumbeta ya Mzungu. Mtaa ulishindana na mtaa kwa mashairi, kwa karamu na kwa madaha. Beni iliingia katika nyumba iliyokwisha jengwa. Waliochukua nguo za jeshi walikuwa wakiendeleza mashindano yao wenyewe.

Je, mbeni ilipofika Ukambani iliingia katika nyumba gani? Hapa yampasa mtazamaji aache kutazama kaptura, atazame miguu na mabega. Askari katika gwaride hukanyaga ardhi kwa pamoja, mgongo umenyooka, mabega yametulia. Mcheza mbeni naye huanza katika safu, lakini safu hiyo haidumu. Mabega huanza kutikisika peke yake, kana kwamba si ya mwili ule ule unaosimama wima. Ngoma ikikolea, mchezaji hutoka mbele, akaruka juu, akapiga pindu hewani, akatua kwa miguu miwili bila kupoteza mapigo, na mwenzake hutoka kumjibu kwa kuruka zaidi. Hakuna mwalimu wa gwaride aliyefundisha hayo. Kuruka na kutikisa mabega ni mambo ambayo Wakamba husifiwa kwayo na majirani wao wote. Filimbi pia imebadili kazi. Katika gwaride filimbi huamrisha. Katika mbeni huzungumza na ngoma, huichokoza, hutangaza kuwa hatua inageuka, na mpulizaji mwenyewe anacheza anapoipuliza.

Tena liko jambo la safu. Askari wamesimama kwa safu ili afisa aliyesimama mbele awakague wote kwa mara moja. Safu za mbeni, ikichezwa uwanjani au sokoni, huelekeana: wavulana huku, wasichana kule. Anayekaguliwa na anayekagua ni wachezaji wenyewe. Watu wengine wamezunguka pande zote, na kati yao yupo mzee atakayeingia hatua mbili tatu kisha arudi nyuma akicheka. Afisa ametolewa. Nadhani huo ndio ustadi mkubwa kuliko wote katika ngoma hii, nao hauonekani kwa mtu anayehesabu vifungo vya shati.

Sasa tuitazame ngoma ya shanga. Msomaji asidhani kuwa naichukia. Shanga zinapendeza, na njuga zikipigwa vizuri hakuna ala inayozishinda. Lakini wale wanaoisifu kwa ajili ya mavazi yake hawajaulizia habari za mavazi hayo. Mkonge si mmea wa nchi hii. Asili yake ni Mexico, na uliletwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida. Miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Shanga za kioo nazo nyingi zilitengenezwa Venice na sehemu nyingine za Ulaya, zikapita mikononi mwa wafanyabiashara wa pwani, zikapandishwa bara na misafara. Wakamba wenyewe walikuwa mabingwa wa misafara hiyo, wakipeleka pembe za ndovu Mombasa. Johann Ludwig Krapf alipofika Ukambani mwaka 1849 alikuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa huko ambaye jina lake lilijulikana hadi pwani. Basi tukisema ngoma ya kweli ni ile isiyo na kitu cha mgeni, itatubidi tuzivue shanga na sketi za mkonge pamoja na kaptura, na sijui wachezaji watabaki na nini mbele ya watu.

Hata pepo hawakuwa wenyeji watupu. Iko ngoma ya kilumi, ambayo wazee, hasa akina mama, waliicheza kwa ajili ya kuomba mvua na kuponya wagonjwa, na ambayo haijafa. Katika mambo ya namna hiyo pepo waliosemekana kumpanda mtu hawakuwa wote wa Kikamba. Walikuwako wa kigeni, wa Kimasai, na hata wa Kizungu. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyekaa Ukambani mwaka 1911 na 1912, na ambaye kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba kilitoka mwaka 1920, aliandika habari zao. Kumbe ngoma iliyo ya ndani kabisa, ile inayochezwa karibu na mahali pa kuabudia, ndiyo iliyompa mgeni nafasi ya kuingia mpaka mwilini.

Ikiwa mavazi hayatuambii kitu, ugeni uko wapi? Naomba msomaji anifuate hadi uwanja wa shule siku ya mazoezi. Wachezaji thelathini wanaingia kutoka upande wa kushoto. Wanajipanga kwa mistari mitatu, wafupi mbele, warefu nyuma. Wote wanatazama upande mmoja, ambako mwalimu ameweka meza na kiti kuwakilisha waamuzi. Mwalimu ana saa mkononi. Nyimbo nne zimeunganishwa ili ziishe kabla ya muda kwisha: kipande cha ngoma ya vijana, kipande cha wimbo wa mavuno, kipande cha harusi, na mwishoni kurukaruka kidogo ili kupata makofi. Kila mkono unapanda kwa wakati mmoja. Kila uso unatabasamu, hata katika kipande cha kilumi, ambapo wanaojua watakuambia kuwa hakuna mtu anayetabasamu.

Siku moja nilikuwa karibu na uwanja kama huo, katika shule mojawapo ya huku vilimani, na bibi mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni akausimamisha mzigo wake kando ya ua, akatazama. Wasichana wawili wakamkimbilia kumsalimu, wakamwita Susu, kama tunavyowaita bibi zetu. Alitazama mazoezi mpaka mwisho. Kisha akamwuliza mwalimu wao, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, na sisi tusimame wapi?" Mwalimu akamwonyesha viti vya wageni, nyuma ya meza ya waamuzi. Bibi akashukuru, akajitwika kuni zake, akaenda.

Swali hilo lina uhakiki mwingi kuliko karatasi nyingi za waamuzi nilizozisoma. Katika ngoma aliyoijua bibi yule hapakuwa na nyuma na mbele. Aliyekuja alikuwa na mahali: kama si pa kucheza, pa kuitikia, kama si pa kuitikia, pa kupiga vigelegele, na kama amechoka, pa kukaa na kumsema mchezaji mvivu. Ngui, yaani kiongozi wa wimbo, alipotunga maneno ya kumdhihaki mtu, mtu huyo alikuwapo hapo hapo, na pengine alijibu. Ngoma ya mashindano imemwondoa yeye na kumweka mwamuzi mahali pake. Mpango huo, wa upande mmoja kucheza na upande wa pili kukaa kimya na kutazama, ndio mpango wa ukumbi wa Ulaya. Mashindano ya muziki ya Kenya yalianza mwaka 1927 yakiwa ya muziki wa Kizungu. Ngoma za wenyeji zilipokaribishwa baadaye, zilikaribishwa katika nyumba ambayo viti vyake vilikuwa vimekwisha pangwa.

Hivyo basi tuna ngoma mbili. Moja imevaa Ulaya na kucheza Mbooni. Ya pili imevaa Mbooni na kucheza Ulaya.

Sisi si watu wa kwanza kukutwa na fumbo hili, na mfano ulio bora kuliko yote niijuayo unatoka mbali, katika nchi ya Japani. Nchi hiyo ilifungua milango yake kwa mambo ya Ulaya katika karne ya 19, na kwa muda mfupi watu wake walikuwa na reli, shule, jeshi na dansi za namna ya Ulaya, huku ngoma na michezo yao ya zamani, kama kabuki, ikiendelea kando. Mchezaji kijana alijikuta na njia mbili: ama acheze kama babu zake, ama acheze kama Wajerumani na Wafaransa.

Kazuo Ohno alizaliwa mwaka 1906 katika mji wa Hakodate, kaskazini. Mwaka 1929, akiwa mwanafunzi, alikwenda katika ukumbi mmoja wa Tokyo kumtazama mchezaji wa dansi za Kihispania, Antonia Mercé, aliyejulikana kwa jina la La Argentina. Alikaa mbali sana na jukwaa, lakini aliyoyaona hakuyasahau. Ohno akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule ya wasichana huko Yokohama, akabatizwa akawa Mkristo, akajifunza dansi mpya kwa walimu waliokuwa wameipata Ujerumani. Kisha vita vikamchukua miaka mingi, hadi China na New Guinea. Mwaka 1977, akiwa na umri wa miaka 71, alipanda jukwaani Tokyo akiwa amevaa gauni la mwanamke na kofia yenye maua, akamcheza La Argentina, karibu miaka hamsini tangu siku ile.

Mtu wa kuhesabu mavazi angesema nini hapo? Mzee wa Kijapani, gauni la Kizungu, jina la mwanamke wa Kihispania. Hapana kitu cha Japani hata kimoja! Walakini watu wa Ulaya walipomwona mwaka 1980, katika tamasha la Nancy nchini Ufaransa, walijua wazi kuwa hawajapata kuona dansi hiyo kwao. Hakuwa akiiga hatua za La Argentina. Mwili wake ulikwenda polepole mno, magoti yamelegea, mikono ikisita hewani kama ya mtu anayetafuta kitu gizani. Alikuwa akimkumbuka marehemu, na alimkumbuka kwa mwili wa mzee wa kaskazini mwa Japani, wala hakujifanya kuwa na mwili mwingine.

Aliyeongoza mchezo huo alikuwa Tatsumi Hijikata, aliyezaliwa mwaka 1928 katika jimbo la Akita, nchi ya baridi na mashamba ya mpunga. Yeye ndiye aliyeanzisha mwaka 1959 dansi iliyokuja kuitwa buto. Hijikata alikuwa amejifunza dansi za Kizungu, na aliona kuwa mwili wake ulikataa. Dansi hiyo ilitaka miguu mirefu iliyonyooka na mwili unaotaka kupaa. Watu wa kwao walikuwa na miguu iliyopinda na migongo iliyoinama kwa kupanda mpunga katika matope. Badala ya kuificha miguu hiyo, alianza nayo. Hakuvaa mavazi ya sherehe za kijijini wala hakuchukua ngoma ya zamani na kuisafisha kwa ajili ya wageni. Alichukua namna ya kusimama ya mkulima.

Nilipoyasoma mambo haya nilifikiri juu ya migongo ya Mbooni. Nchi hii ni ya miteremko mikali, na hakuna shamba lisilo na matuta. Matuta hayo yalichimbwa kwa mikono, mengi yake na vikundi vya mwethya, watu wakiwa wamejipanga ubavu kwa ubavu na majembe, na wimbo ukiwapa mapigo. Mtu aliyelelewa hapa hutembea kwa namna yake: uzito huwa chini, magoti yako tayari, kwa sababu njia ama inapanda ama inashuka. Mcheza mbeni akiruka, huruka kwa magoti hayo. Msichana wa shule akicheza ngoma ya shanga, mara nyingi huambiwa na mwalimu anyooshe mgongo na apandishe kidevu, ili aonekane vizuri kutoka mezani kwa waamuzi. Kwa agizo hilo dogo mwalimu amemvua Ukamba wake, hali shanga zote ziko shingoni.

Lazima niseme neno la haki kwa upande wa pili, maana wanafunzi wangu hupenda kunikamata hapo. Wamisionari wa Africa Inland Mission walifika Nzaui mwezi Desemba mwaka 1895, na katika miaka iliyofuata walikuwa na makao Mbooni pia. Waumini walitakiwa waache pombe na ngoma pamoja. Katika nyumba nyingi za huku babu hakucheza kabisa, wala baba hakucheza. Mtoto hana mtu wa kumfundisha nyumbani, na huenda akaonywa na bibi yake mwenyewe kuwa ngoma ni mambo ya shetani. Mtoto huyo hupata wimbo wa kwanza wa wazee wake katika mazoezi ya mashindano. Bila meza ile na saa ile asingeupata. Nimemwona kijana wa kidato cha pili akijifunza kufunga njuga, akiwa na haya usoni mfano wa mtu anayejaribu viatu vya marehemu. Siwezi kuyadharau mashindano yaliyomfikisha hapo.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo jambo hili ni zito. Ikiwa shule ndiyo mahali pekee anapoipata ngoma, basi ataamini kuwa ngoma ndivyo ilivyo: kuingia kutoka kushoto, kutabasamu, kutazama mbele, kutoka upande wa kulia. Atasema hiyo ndiyo asili yake, naye hana wa kumsahihisha.

Jumba la Bomas of Kenya, lililoanzishwa na serikali mwaka 1971 huko Lang'ata, Nairobi, lilijaribu njia nyingine. Ukumbi wake ulijengwa kwa duara, watazamaji wakiwa wamepanda kwa ngazi kuzunguka uwanja wa katikati, na wachezaji wa kabila moja walijifunza ngoma za makabila mengine. Wachezaji wale walikuwa hodari, na ngoma ya Wakamba yenye pindu zake ilikuwa ikingojewa na wageni wengi. Duara lilikuwapo. Hata hivyo waliokaa katika duara hilo walikuwa wamelipa kiingilio, na hawakuitikia. Mabaya zaidi nimeyaona katika hoteli za watalii, ambako mbeni imebakizwa sarakasi peke yake: mtu anaruka, anasimama, anangoja makofi, anaruka tena. Wimbo umekwisha, ngui hayupo, na hakuna anayemjibu mwenzake. Hiyo naikubali kuwa ngoma ya kuiga, ingawa hapo wachezaji hawavai kaptura bali ngozi ya chui ya bandia.

Wajirani wetu Wakikuyu wana mwomboko, uliozuka katika miaka ya 1940, unaochezwa kwa kodiani na pete ya chuma, wanaume na wanawake wakishikana kama katika dansi za Kizungu. Nimesikia watu wakiucheka kwa ajili ya kodiani hiyo. Waende wawatazame wazee wanavyoucheza, wanavyokunja goti kwa pamoja na kuinuka polepole, kisha wacheke kama wataweza.

Mwanafunzi atakayekwenda kwenye mashindano mwaka huu, namwomba atazame kwa macho mengine. Mavazi hupewa alama. Haya, ayatazame upesi, ayapishe. Kisha aulize: wachezaji wanatazama wapi? Mmoja akikosea, je, wenzake wanamsaidia au wanamficha? Wimbo unamwambia nani maneno yake? Na kama mtu angetoka katika watazamaji, akaingia, ngoma ingeweza kumpokea, au ingevunjika? Hiyo ya mwisho ndiyo niipendayo kuliko zote. Nimekwisha ona ngoma nzuri sana zikivunjika kwa sababu mtoto mdogo aliteleza akaingia uwanjani.

Katika shule ninayofundisha, wachezaji wetu wametaka mwaka huu kucheza mbeni, tena waicheze safu zikielekeana, migongo ya nusu yao ikiwaelekea waamuzi. Mwalimu mwenzangu mmoja, mzoefu wa mashindano, ametuonya kuwa tutapoteza alama, maana mwamuzi hawezi kuuhukumu uso asiouona. Anasema kweli. Tumewaeleza wachezaji hesabu hiyo yote bila kuwaficha, nao ni wa kidato cha tatu, wenye kulipenda kombe kama vijana wote. Watapiga kura siku ya Ijumaa baada ya masomo.